Risala ya vijana wa kompyuta Chake Chake kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, walimu na nyote mliohudhuria, assalaam alaykum.

Sie vijana wa kikundi cha kompyuta tunakushukuru sana kwa kuvuka maji kuja Pemba, maana wengine tukiwaalika husema boti haijakaa sawa.

Mheshimiwa, sie tunajifunza kusimamia seva, yaani zile mashine zinazoweka kumbukumbu za hospitali, benki na maofisi, zikilala na kazi nayo inalala. Wengi wetu chuo hatujaenda, ada haikupatikana, lakini kazi hii bwana haijafungiwa chuoni, Linux yenyewe, mfumo wa kuendeshea mashine hizo, tangu Linus Torvalds aitoe mwaka 1991 kule Finland ni ya bure, unaishusha unaitia kwenye flashi unainsitoo. Debian, aina moja ya hiyo Linux, bila madirisha na mapambo ya skrini, unaandika amri tu, inakwenda hata kwenye kompyuta kongwe ya RAM GB 1, zile zile zinazokula vumbi stoo za maofisini. Mwenye laptop yenye nguvu kidogo anaweka VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta, nayo bure, anaunda seva mbili tatu humo ndani, moja inagawa anwani za mtandao, nyengine inahifadhi bakapu, anaivuruga makusudi halafu anatafuta ilipokufa, ikimshinda anairudisha ilivyokuwa. Hapo ndo mtu anajua kazi khasa, sio kwa kukopi notsi.

Bando ni tabu, hilo halifichiki. Ila maelezo ya komandi, yaani zile amri tunazoiandikia mashine, yamo humo humo kwenye mashine, unaandika man na jina la komandi unasoma hata neti ikiwa haipo, na faili likishushwa na mmoja usiku asubuhi linazunguka kwa flashi kikundi kizima.

Vyeti navyo vina gharama, lakini mtihani wa kuanzia wa Red Hat, kampuni ya mambo ya Linux, unawekwa mbele ya mashine utengeneze, hakuna kutia tiki, kwa hiyo sie tunaona ela iende kwanza kwenye mazoezi.

Maombi yetu: hizo kompyuta za stoo tupewe, diski zifutwe kwanza maana siri za watu hatuzitaki. UPS moja pia, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, maana umeme ukikatika katikati ya kazi diski zinaumia. Na kubwa zaidi, utuombee kwenye maofisi yenye seva vijana wetu wakae na mafundi wao, hata iwe kushika tochi na kuvuta waya.

Tunaomba kuwasilisha.