Kwenu vijana mnaotunga sheria za mtandao

Wanangu,

Nasikia mnaandaa sheria ya kufunga kila ukurasa wenye sumu: picha za watoto wanaodhulumiwa kingono, maelekezo ya kuunda mabomu, video za mauaji. Nia yenu siipingi. Kinachonitia wasiwasi ni hilo neno "kufunga", maana mnalitamka kana kwamba mtandao una mlango mmoja na komeo lake.

Urusi ilijaribu mwaka 2018. Ili kuizima Telegram, ilifunga mamilioni ya anwani za mtandao za Amazon na Google, ambazo Telegram ilizitumia kulikwepa zuio. Huduma zisizohusika kabisa zikakatika, Telegram ikaendelea kutumika, na Juni 2020 zuio likaondolewa. Uturuki nayo ilipoifunga Twitter mwaka 2014, watu walichora 8.8.8.8 ukutani, anwani ya kukwepea zuio. (Nane nne na kopo la rangi!)

Sisemi mkunje mikono. Picha ya mtoto anayedhulumiwa ikishajulikana, huweza kupewa alama ya kihesabu, mfano wa alama ya kidole, na mashine ikaitambua inapopakiwa tena. Huo ndio uzuiaji ninaouheshimu, ingawa nao una matundu. Baada ya mauaji ya misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019, ambayo muuaji aliyarusha moja kwa moja kwenye Facebook, kampuni hiyo ilisema imeondoa nakala milioni 1.5 za video ile katika saa 24 za kwanza. Milioni 1.2 zilinaswa wakati wa kupakiwa. Laki tatu zilipenya kwanza, tena kwa mwenye jukwaa mwenyewe, akiwa macho. Serikali iliyosimama nje itaona nini zaidi?

Zuio humkinga anayejikwaa bila kukusudia. Anayetafuta atapata VPN, programu ya kupita kando ya zuio, kabla chai haijapoa. Waambieni wananchi hivyo hivyo, msiwaahidi usafi. Fedha nyingi zipelekeni kwa wapelelezi wa kumsaka aliyepiga picha na kumwokoa mtoto, kwa kuwa ukurasa ukifichwa mtoto bado yuko mle chumbani.

Na orodha ya kurasa zilizofungwa isiwe siri ya ofisi moja. Desemba 2008 nchini Uingereza, ukurasa mmoja wa Wikipedia uliingizwa kwenye orodha kwa sababu ya jalada la albamu ya muziki lenye picha ya msichana mdogo akiwa uchi. Waingereza wengi wakashindwa kuhariri Wikipedia yote, hadi uamuzi ulipobatilishwa siku chache baadaye. Wikipedia ina sauti, ilisikika. Mwenye tovuti ndogo je? Mwandikieni kwenye sheria atalalamika kwa hakimu gani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi.

Mzee wenu