Usinifanye Kama Mama wa Valentina

Makorora, Tanga
Jumatano usiku

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, bibi yako tu ndiye anakohoa. Asubuhi nimekwenda kununua mbaazi, mwuzaji ananipa hongera: eti mwanao anapanda ndege Jumamosi. Jumamosi! Mimi najua ni mwisho wa mwezi. Nikaitikia kama vile habari ninayo, na mbaazi zenyewe nikazisahau pale pale kwenye benchi.

Simu umezima. Basi nimekaa kitandani kwako na kile kitabu cha wanawake waliokwenda angani, kile ulichokuwa ukimsomea mdogo wako. Nimekimaliza, macho yananiwasha. Huyo Valentina Tereshkova, wa kwanza wao wote, Juni 1963, ana miaka 26 tu, mtoto wa kiwanda cha nguo, baba kafia vitani yeye bado mdogo. Kaizunguka dunia mara 48, karibu siku tatu, peke yake. Haya, hongera yake. Lakini kwao aliaga kwamba anakwenda kwenye mambo ya kuruka na miavuli! Mama mtu akaja kujua wakati dunia nzima inatangaziwa. Na ukurasa huo umeukunja pembe. Uliukunja kwa nini?

Sikukatazi kwenda Urusi. Sijawahi kukukataza. Na kama ni ile fomu ya ufadhili ya kwanza, panya hawakuila. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa, na mwaka ule baba yako ndiyo kwanza alikuwa ametutoka. Umepata nyingine, tena ya uhandisi wa ndege. Tuyaache.

Ninachotaka ni uniambie mimi kwanza. Ukiumwa, niambie. Ukifeli mtihani, niambie kabla ya shangazi yako. Tereshkova aligundua chombo kimepangwa vibaya, badala ya kushuka kingezidi kupanda. Akawaambia wa chini, wakarekebisha, kisha mkubwa wake akamwomba anyamaze, naye akakaa na siri hiyo miaka na miaka. Watu wanamsifu. Mimi hiyo usiniletee.

Niliyempenda ni yule daktari, Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, 1992. Kabla ya hapo alishafanya kazi ya udaktari Sierra Leone na Liberia, kwa hiyo homa zetu hizi anazijua. Na yule Mmarekani mwingine, Sally Ride, 1983, waandishi wanamwuliza kama kazini mambo yakiharibika huwa analia. Akawauliza mbona wenzake wanaume hawaulizwi. Kajibu vizuri. Wewe lakini ukitaka kulia, lia, halafu unipigie.

Mfuko nampa konda wa basi la saa kumi na mbili alfajiri, barua hii iko juu. Mna sweta mbili, visheti, na achari ya maembe. Chupa nimeiviringisha ndani ya gauni la bluu, usilikunjue ovyo. Koti nimelitia mfuko wa ndani upande wa kushoto, pasipoti ikae humo, siyo kwenye mkoba. Zipu yake inakwama. Isugue kwa mshumaa, usiivute kwa hasira zako zile. Na miswaki miwili, maana Valentina wako walimfungia dawa ya meno, mswaki wakausahau.

Majirani nimewaambia kuwa tarehe nilikuwa naijua. Ukipigiwa na yeyote, usiniumbue.

Bati la jikoni limeanza tena kuvuja, fundi anataka 40,000. Usitume hela. Yule kuku mwekundu ametotoa sita, mmoja kilema. Na ufunguo wa kabati la vyombo umeondoka nao, sahani za wageni zote zimo humo. Mpe konda anirudishie. Na simu uiwashe.

Mama yako