Agnes, kwa fundi usende

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Agnes,

Salamu nyingi, na poleni tena kwa msiba. Huku sote wazima, mtoto ana mafua tu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana simu yako huiweki ila spika, na mawifi zako wako ubavuni wanasikiliza.

Umesema wanataka mwende Micheweni kwa fundi wa pepo apandishe, marehemu shemeji aseme mwenyewe hati ya shamba kaiweka wapi. Na wifi mkubwa kakwambia Biblia haikatazi, mbona nabii Samweli alikwisha kufa, akaitwa akaja. Kweli aliitwa. Lakini wifi kasoma nusu.

Kisa kimo Samweli wa Kwanza, sura ya 28. Mfalme Sauli mwenyewe ndiye aliyewafukuza waaguzi nchini, kama ilivyo Torati. Kumbukumbu 18 inawataja mmoja mmoja, mtazama bao, mpandisha pepo, mwenye kuomba wafu. Wafilisti walipopiga kambi Shunemu akamuuliza Mungu, asijibiwe. Ndipo akajigeuza mavazi, akaenda Endori usiku na watu wawili, kwa mwanamke mpandisha pepo, amwitie Samweli. Mwanamke akaogopa, akadhani anategwa. Basi Sauli akamwapia kwa BWANA kwamba hatapata adhabu. Anaapa kwa Mungu apate kuvunja amri ya Mungu! Hapo hucheka kila nikisoma, maana nawajua watu wetu wa kanisani wanaokwenda kwa fundi magharibi, wamejitanda mtandio mpaka puani.

Sasa tazama alichokipata. Yule mwanamke alipomwona Samweli alipiga ukelele, na kazi ni yake. Wapo wasemao lilikuwa pepo limejigeuza, wapo wasemao Mungu ndiye aliyemruhusu nabii. Mimi niko na hawa wa pili, kwa vile aliyoyasema yalitimia. Lakini faida gani? Kwamba ufalme umemtoka, hilo Samweli alishamwambia akiwa hai. Kilichozidi ni kuwa kesho yake atakufa, yeye na wanawe. Akaanguka chini kitu kizima, hajala kutwa wala kucha, na aliyembembeleza ale ni yule yule mwanamke: kachinja ndama wake aliyenona, kakanda unga, kamwokea mkate usiotiwa chachu. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, mlango wa 10, unaitaja safari ile miongoni mwa sababu za kifo chake.

Ila mimi, Agnes, kinachonitisha hasa ni swali la pili. Habari ya hati ikishaulizwa, mawifi watauliza nani kamuua, kwa sababu wameshaanza kusema kuna mkono wa mtu. Na jina litatoka, halikosi kutoka. La nani? La yule bibi wa nyumba ya pili anayekaa peke yake, ambaye siku ya msiba alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga akakunywesha kwa kijiko, nawe hutaki hata maji. Daktari kasema presha, na presha shemeji alikuwa nayo tangu tumjue.

Usiseme natia chumvi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, lile pepo lisemwalo huvamia watu usiku, ilipoanzia huko kwenu Pemba ikavuka kuja Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi, na hapa mjini mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa ndiye.

Watakutolea Kutoka 22, mchawi asiachwe hai. Imo, siifichi. Lakini Torati hiyo hiyo haimuui mtu kwa neno la shahidi mmoja, seuze la pepo. Na kule Efeso, Matendo 19, kilichotiwa moto ni vitabu vya uganga, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na kila mtu alileta vyake. Hakuna aliyekwenda kupekua kwa jirani.

Hati nayo haihitaji maiti. Anza kwa sheha, muulize nani walikuwa mashahidi na mipaka inaishia wapi. Kisha nenda ofisi ya ardhi Chake, na cheti cha kifo mkononi. Na lile sanduku la mkangazi alilokuwa akitilia risiti za karafuu, mmelifungua mpaka chini? Shemeji alikuwa hatupi karatasi, hata ya kufungia kashata.

Mdogo wangu anakuja na boti ya Alhamisi, nitampa hela kidogo za nauli zako za kwenda Chake. Kanga mbili alizonazo ni zako, usimpe mtu.

Wifi mkubwa msomee Isaya 8:19, pale panapouliza kama walio hai waende kwa waliokufa. Akikasirika, sema nimekutuma mimi.

Shoga yako,
Mama Joy