Barua kwa Mwanaidi, kabla Hamisi hajapanda ndege

Harrisburg, Pennsylvania
20 Julai 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikiwa ndani ya gari, nikaona hili si la kujibu kwa dakika moja. Kwanza hongera. Hamisi kupata nafasi ya kusoma uhandisi huku si jambo dogo, na hilo la "nakukabidhi mwanao" nimelipokea kwa mikono miwili.

Umeuliza hizo nyumba zenye herufi za Kigiriki ni kitu gani, na kama kweli chuo kinazisimamia, maana kuna kijana kashamtumia mwanetu ujumbe wa kumkaribisha.

Ni vyama vya wanafunzi. Vya wavulana wanaviita fraterniti, vya wasichana sororiti. Kila kimoja kina makao makuu ya taifa, matawi vyuoni, na mara nyingi jumba ambalo wanachama wanakaa. Faida vinayo, sikufichi. Waliomaliza zamani wanawavuta wadogo zao makazini. Weusi walijianzishia vyao enzi za kufungiwa milango: Alpha Phi Alpha pale chuo cha Cornell mwaka 1906, Alpha Kappa Alpha pale chuo cha Howard mwaka 1908, na hicho cha pili ndicho cha Kamala Harris.

Balaa liko mlangoni. Mgeni haingii hivihivi. Unakumbuka tulipokuwa njuka, tunafulishwa sare za dada wa form four na kuimbishwa juu ya meza bwenini? Sasa chukua yale, uongeze pombe kali.

Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, pale chuo kikuu cha Penn State, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, kijana wa miaka 19 aitwaye Timothy Piazza alikwenda kupokelewa kwenye tawi la Beta Theta Pi. Naye alikuwa wa uhandisi. Wageni walipitishwa kituo hadi kituo, kila kituo kinywaji. Waendesha mashtaka walihesabu vinywaji 18 ndani ya dakika 82. Akaanguka kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba. Wakamlaza kwenye kochi, wakammwagia maji, wakampiga makofi aamke. Karibu masaa 12 yakapita ndipo simu ya kuomba msaada ikapigwa. Tarehe 4 akafariki. Tunayajua haya kwa sababu jumba lilikuwa na kamera. Jumba lenyewe lilitangazwa kuwa halina pombe! Na tawi lilishafungwa mara moja, mwaka 2009, likafunguliwa upya.

Sisi tumechezwa unyago, Mwanaidi. Tulifinywa, tukasemwa maneno ya kukausha mate. Lakini somo alikuwa na jina, na mama alijua tuko chumba gani. Mwali akizimia, kuna mtu mzima wa kuulizwa. Kule kungwi ana miaka 20, naye kalewa.

Chuo kililifunga tawi lile moja kwa moja. Na katikati ya mwaka ule kikawanyang'anya vyama kazi ya kusikiliza makosa yao wenyewe, maana kabla ya hapo kesi ya ngedere ilikuwa inapelekwa kwa nyani. Mwaka 2018 jimbo likatunga sheria yenye jina la yule kijana, mateso ya namna ile yakawa jinai nzito. Mahakama nayo ilikokota miguu: viongozi wawili wa tawi walikiri makosa mwaka 2024, wakapewa jela miezi miwili hadi minne. Miaka saba kwa miezi minne.

Kwa kawaida adhabu za chuo zinapanda ngazi: onyo, kuwekwa chini ya uangalizi, kusimamishwa, mwisho kufutwa. Kusimamishwa mara nyingi ni kama miaka minne, kwa sababu baada ya hapo wote waliokuwepo wamehitimu. Wanangoja kizazi kiondoke kama watu wanavyongoja maji ya mafuriko yashuke, kisha ukuta unapakwa rangi, jina lilelile linarudi mlangoni. Wasioondoka ni wanachama wa zamani. Majumba mengine ni mali yao, tena ndio wanaochangia chuo fedha. Na chuo kikikaza sana, vyama vinajitoa. Boulder, kule Colorado, kijana alikufa mwaka 2004. Mwaka uliofuata chuo kikaleta masharti mapya, fraterniti zikakataa kusaini, zikaendelea bila chuo. Chuo cha USC, Los Angeles, kikaonja hayohayo mwaka 2022.

Chuo kinaweza kwenda mbio kikitaka, lakini. Machi 2015, chuo kikuu cha Oklahoma, video ilivuja ya wavulana wa fraterniti ya SAE wakiimba ndani ya basi wimbo wa kutukana weusi. Ndani ya siku mbili Rais wa chuo, David Boren, alikuwa kashalifunga tawi na kuwafukuza wanafunzi wawili. Mbio zile zililetwa na video. Malalamiko ya mdomo hayana mbio hizo.

Hilo la mdomo nalijua nyumbani kwangu. Zuhura aliingia sororiti mwaka wake wa pili, chuo sikitaji. Wiki nzima walinyang'anywa simu mchana, kisha wakaamshwa saa tisa za usiku kwenda kuwachukua dada zao kwenye sherehe. Sherehe zenyewe ziko kwa wavulana, maana sororiti nyingi zimepiga marufuku pombe majumbani mwao. Mtu akapeleka habari. Chuo kikawaita wasichana mmoja mmoja, wote wakatoa jibu moja, kama shairi lililokaririwa. Chama kikapewa muhula mmoja wa uangalizi na kozi ya kwenye kompyuta. Mimi nilisikia miezi minane baadaye. Huku mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima, chuo hakimpigii mama simu. Nilimuuliza Zuhura kwa nini naye alidanganya. Akaniambia, "Mama, wale ni dada zangu."

Najua utasema Hamisi hanywi. Na mimi nilijua Zuhura hasemi uongo.

Kwa hiyo simkatazi, kwa sababu akikatazwa ataingia kimyakimya. Nitakaa naye. Nitamwambia hapa Pennsylvania kijana aliye chini ya miaka 21 akimwitia mwenzake msaada, akataja jina lake na akabaki na mgonjwa, hashtakiwi kwa kunywa. Namba ni 911. Aishike kabla hajashika namba yangu.

Kitu kingine, sheria ile ya 2018 inavilazimisha vyuo vya hapa kutangaza kwenye tovuti ni chama gani kilipatikana na hatia na kikapewa adhabu gani, na Desemba iliyopita Biden alisaini sheria ya namna hiyo kwa nchi nzima. Ripoti ya chuo cha Hamisi nimeifungua jana usiku. Majina manne. Nikamuuliza kwa simu yule kijana wa ujumbe ni wa chama gani, akanitajia la tatu kwenye orodha. Nimeyaandika yote kwa kalamu nyekundu, nimeyabandika kwenye friji.

Nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege. Mwekee sweta moja tu, mengine tutanunua huku, na ubuyu usiusahau. Msalimie Baba Hamisi na bibi wa Chumbageni.

Wako,
Rehema