Bangili ya shimoni: ni ya kale au ya juzi?

Mshauri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, hamjambo.

Mimi ni mkulima wa Njoro, nina viazi na ng'ombe wawili. Wiki tatu zilizopita fundi alikuwa akituchimbia shimo la choo. Alipofika kimo cha mtu mzima, mwanangu akaokota bangili kwenye udongo uliorushwa juu. Tulipochakura zaidi tukapata shanga 11.

Bangili ni nyembamba, haina kifungo, ncha zake zinakaribiana bila kugusana. Ilikuwa na kutu ya kijani. Nasema ilikuwa, kwa sababu mama mkwe aliisugua kwa ndimu na jivu hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi. Sikuwepo. Nikimlaumu itakuwa vita, nimenyamaza.

Sonara mmoja mjini Nakuru aliikwaruza kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la asidi, likachemka kijani. "Si dhahabu, mama. Ni shaba." Sawa, lakini mimi nilitaka umri, na umri jiwe lake haliusemi.

Shanga ndizo zinazoninyima usingizi. Saba ni za kioo chekundu. Ukiziinua juani unaona viputo vya hewa ndani, na tundu limenyooka. Nne ni za jiwe, rangi ya maziwa yaliyochacha. Tundu lake ni pana pande zote mbili, katikati limebana, kama kwamba mtu alitoboa upande huu, akageuza akatoboa ule, yakakutana kombo. Jirani yangu mwalimu alipoziona akanieleza habari za pango la Mto Njoro, ambako watafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na mumewe Louis walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya watu waliochomwa moto, pamoja na vibakuli vya mawe na shanga za mawe, vya miaka kama 3,000 iliyopita. Shemeji alisikia "miaka 3,000" tu. Keshampata dalali.

Mimi bado nina shaka. Kwenye lundo lile lile tuliokota kizibo cha soda! Fundi alichanganya udongo wote, sasa nani atajua kipi kilitoka juu na kipi chini? Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, walowezi wakaja na vibarua wao, na shanga za kioo na waya wa shaba zilikuwa bidhaa za kila duka. Huenda bangili ni ya nyanya ya mtu, ilimponyoka akipalilia.

Mwalimu anasema kwa sheria ya mwaka 2006 vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na anayeviokota aarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Zangu zimepita. Makavazi ya Hyrax Hill hayako mbali, ila naogopa kufika nimechelewa, na zaidi ya hayo bangili imeng'arishwa.

Niambieni: tundu kama lile la shanga za jiwe linatosha kuonyesha kwamba shanga ni ya kale? Bangili iliyosuguliwa bado inaweza kusomwa umri wake, au mama mkwe amefuta kila kitu? Na nikienda, nibebe pia zile za kioo na kile kizibo, ama watanicheka?

Nijibuni upesi. Fundi anataka kuendelea na shimo Jumatatu, na choo cha jirani tumekitumia mpaka mke wake hanisalimii tena.

Mama Wawili, Njoro