Tupime kwanza uwanja wa nyasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema riadha ya vyuo vya Tanga haitafufuka mpaka tupate zulia la kisasa la kukimbilia. Zulia ni jema, ila kinachowaponza vijana wetu leo ni vipimo. Mzunguko ukiwa mfupi, muda unaoandikwa ni wa uongo, na kijana anaumbuka siku anapokimbia kwenye uwanja uliopimwa sawasawa.

Chuo kinaweza kumlea mkimbiaji akatikisa dunia. Suleiman Nyambui akiwa Chuo Kikuu cha Texas, kule El Paso, alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo akatuletea medali ya fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 kutoka Moscow. Gidamis Shahanga naye alipita chuo hicho hicho. Wanariadha wetu, chuo cha wenzetu, hilo linauma.

Sasa kosa lenyewe. Wapimaji wengi hunakili namba za uwanja wenye ukingo ulioinuka: pande nyoofu mita 84.39, nusukipenyo cha kona mita 36.50. Penye ukingo, mbio hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni. Kwenye nyasi, palipo na mstari wa chokaa tu, hupimwa sentimita 20. Kwa hiyo 36.50 hiyo kwenye nyasi inatoa mzunguko wa mita 399.37, na katika mita 10,000 mkimbiaji anasamehewa karibu mita 16. Tumieni 36.60.

Hapo hata mianzo ya mita 400, yaani mistari ya kuanzia ya kila njia, inabadilika. Njia zikiwa na upana wa mita 1.22, kila moja isogezwe mbele mita 7.67 kuliko iliyo ndani yake. Anayenakili 7.04 ya uwanja wenye ukingo kwa njia ya pili anamkimbiza mtu sentimita 63 za bure.

Anzeni na mstatili wa mita 84.39 kwa 73.20, kisha pimeni ulalo wa pande zote mbili: kila mmoja uwe mita 111.71. Zikipishana, pembe hazijakaa. Kamba ya katani, ingawa kwetu ndiyo iliyo karibu, haifai kuzungushia kona. Ikivutwa inarefuka, ikilowa umande inabadilika tena. Chukueni waya mwembamba au tepu ya chuma. Njia sita zinataka eneo la kama mita 173 kwa 88, na uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unaenea ndani yake, kwa hiyo watu wa soka hawanyang'anywi kitu.

Saa nayo. Kwenye mita 100, mpima muda aliye mwishoni anayesubiri kusikia mlio ndipo abonyeze stopwochi amekwisha kumpunguzia mkimbiaji karibu sekunde 0.3, maana sauti inachelewa njiani. Abonyeze akiona moshi wa bastola au vibao vikigongana.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo: vituo viwili vya kona, yaani katikati ya kila upande wa mita 73.20, pale waya unapofungwa kuzungushia kona, vifungiwe bomba fupi ndani ya zege, chini kidogo ya usawa wa nyasi, asije mtu akajikwaa. Masika yakifuta chokaa, waya unarudi palepale.

Mwalimu wa riadha,
Chumbageni, Tanga