Kabla ya kununua vihisi vingine, tazama ulikovifunga

Wenye maghala wa Kampala na Namanve hutupigia simu wakiwa na lalamiko linalofanana: mfumo wa kufuatilia mali umefungwa, lakini foklifti iliyoegeshwa inaonekana kwenye ramani ikirukaruka kutoka safu moja ya rafu hadi nyingine. Wanaomba waongezewe vihisi. Mara nyingi jibu letu ni kwamba vilivyopo vinatosha, ila vimekaa vibaya.

GPS haitegemeki chini ya paa la mabati, ndiyo maana ndani ya jengo tunafunga vihisi vya redio vinavyopima umbali hadi kwenye tagi, yaani kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mali inayofuatiliwa. Vitatu vinatosha kuonyesha tagi iko wapi sakafuni. Ukitaka kujua na rafu ya ngapi, weka vinne au zaidi. Sharti ni kwamba visikae kwenye mstari mmoja. Fundi akivipanga vyote kwenye boriti ya katikati kwa kuwa nyaya za taa zinapita hapo, mfumo hauwezi kutofautisha upande wa kulia na wa kushoto. Vikifungwa vyote kwa kimo kimoja, kimo cha tagi nacho huwa cha kubahatisha. Sisi huvitawanya pembeni mwa eneo, vingine juu, vingine chini.

Halafu kuna chuma na maji. Wimbi la redio husafiri takriban sentimita 30 kwa kila nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde), na vihisi vinavyopima umbali kwa muda hutumia muda ambao wimbi limekuwa njiani, kwa hiyo likidunda kwenye rafu za chuma kabla ya kufika, kihisi husoma umbali mrefu kuliko ulivyo. Bluetooth inayokadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi huathirika hata mtu akisimama katikati, maana mwili una maji mengi. Kreti za soda zilizopangwa hadi juu ni kizuizi kikubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hatukubali kupima ghala tupu. Tunakuja mzigo ukiwa umejaa, tunaweka alama sakafuni, tunapita na tagi alama kwa alama, kisha tunalinganisha ramani na ukweli.

Si kila kona inahitaji usahihi uleule. Kwenye mlango wa kupakilia tunapendekeza UWB (redio ya masafa mapana inayopima umbali kwa muda wa wimbi kusafiri), ambayo ikiwekwa vizuri hukosea kwa makumi ya sentimita tu. Penye bidhaa zisizohamahama, Bluetooth yenye kosa la mita chache inatosha, na gharama hupungua.

Ukituita, tuandalie mchoro wa ghala wenye vimo vya rafu, na utuonyeshe soketi zinazobaki na umeme jenereta inapowashwa.